Sharti Lisilo na Mpaka

Mtu akimsamehe mwenziwe kwa sharti, amemfanyia mambo mawili kwa wakati mmoja: amempa, na amemfunga. Amempa uhuru ambao alikuwa na uwezo wa kumnyima, na amemfunga kwa kamba ambayo ncha yake imo mkononi mwa yule aliyesamehe. Aghalabu watu hukitazama kile kipawa wakakisifu, wala hawaitazami kamba. Nasi leo, ndugu wasomaji, twataka kuitazama hiyo kamba.

Suala lenyewe ni hili. Mkosaji amehukumiwa, kisha akaachiliwa asitiwe gerezani, kwa sharti kwamba atende hili na aache lile. Baadaye yuashtakiwa kuwa amelivunja sharti. Lakini maneno ya sharti lile yalikuwa na giza, hata watu kumi wenye akili timamu wakiyasoma watatoka na maana kumi. Je, ni haki kumpeleka gerezani? Na yule aliyeyaandika maneno hayo, je, hana sehemu yoyote katika kosa?

Suala hili limesimama mara nyingi mbele ya mahakama za Marekani, khasa katika kesi za dawa za kulevya. Tutalichukua kama lilivyo huko, kwani huko ndiko lilikochambuliwa kwa urefu. Lakini si la huko peke yake. Miji yetu ya mwambao, tangu Lamu na Malindi hata Mombasa, imekwisha kuonja uchungu wa unga, na vijana wetu wasimama mbele ya mahakimu kama wasimamavyo wa watu wengine. Yafaa basi tujue ni ipi haki yao na ni upi wajibu wao.

Kifungo cha nje, kile ambacho ofisini huitwa probesheni, asili yake ni huruma. Mwaka 1841, katika mji wa Boston, fundi wa viatu jina lake John Augustus alikuwamo mahakamani wakati alipoletwa mtu aliyeshtakiwa kwa ulevi. Yule mtu alikuwa katika hali duni, na njia yake ilikuwa wazi kuelekea kifungoni. Augustus akasema naye maneno machache, akamwona ana azma ya kuacha pombe, akamwekea dhamana. Mlevi akatia sahihi ahadi ya kutokunywa tena, akaamriwa arudi baada ya majuma matatu. Siku ilipofika akarudi mtu mwingine kabisa kwa sura na mavazi. Hakimu hakumfunga, bali alimtoza faini ya senti moja na gharama za kesi. Tangu siku hiyo mpaka alipokufa mwaka 1859, fundi huyo aliwadhamini watu karibu 2,000. Kwa mfano wake, dola ya Massachusetts ikatunga sheria ya kifungo cha nje mwaka 1878, na serikali kuu ya Marekani ikaifuata mwaka 1925.

Litazame vizuri sharti la Augustus, msomaji. Lilikuwa na mambo mawili tu: usinywe, na urudi siku fulani. Hakuna mlevi wala mwenye akili zake asiyejua maana ya kutokunywa, wala asiyejua siku fulani ni siku gani. Mtu huyo akianguka, anajua ameanguka wapi. Akisimama, anajua amesimama wapi.

Lakini jambo likikua hubadilika. Katika miaka ya karibuni watu wapatao milioni 3 wamekuwa katika kifungo cha nje huko Marekani, na wengine wengi wametoka gerezani wakawa chini ya uangalizi wenye masharti ya namna ile ile. Kwa wingi huo sharti halikuwa tena neno la mtu na mtu. Limekuwa karatasi iliyopigwa chapa, yenye masharti kumi na matatu, ishirini au zaidi, ambayo hakimu huyaamrisha yote kwa mkupuo. Humo mtu aliyekosa kwa dawa za kulevya huambiwa asitembelee mahali zinapouzwa dawa hizo. Asisuhubiane na wahalifu. Asitumie kitu chochote kibadilishacho hali ya nafsi. Atimize wajibu wake wa kifamilia. Kila neno katika haya, likisikiwa kwa haraka, ni jema. Ni nani atakayesema kwamba mtu aende kwenye maficho ya wauzaji, au asuhubiane na waovu? Lakini sharti halipimwi kwa wema wa maneno yake. Hupimwa siku ya kushtakiwa. Na siku hiyo ni nzito, kwa sababu huko Marekani mtu akishtakiwa kuvunja sharti haketi mbele ya baraza la wazee wa mahakama kama katika kesi ya kwanza, wala hapahitajiwi ushahidi wa kuondosha kila shaka. Ushahidi mdogo kuliko huo watosha kumpeleka gerezani.

Natulichukue sharti la mahali. Mtu wa mtaa wa kimasikini katika mji mkubwa kama Chicago akiambiwa asitembelee mahali panapouzwa dawa za kulevya, mahali ni nini? Ni chumba? Ni nyumba? Ni njia nzima? Na ikiwa dawa huuzwa kwenye pembe ya njia anayoishi mamake, je, kumjulia mamake hali ni kuvunja sharti? Na akiingia dukani kununua mkate, asijue kwamba nyuma ya duka kuna biashara nyingine, je, amevunja? Lau mmoja wa vijana wetu angepewa sharti hilo, naye kwao ni mtaa ambao muuza unga yuko baina ya nyumba yao na msikiti, asingejua kama aruhusiwa kwenda kusali jamaa. Mwenye uwezo angehama. Masikini hana pa kuhamia, kwa hiyo sharti moja humwacha tajiri huru na kumfanya masikini mkosaji kila atokapo mlangoni.

Sharti la usuhuba lina taabu zaidi. Mwaka 1971 ilifika mbele ya Mahakama ya Juu ya Marekani kesi ya mtu aliyetolewa gerezani kabla ya muda wake, akakatazwa kusuhubiana na watu waliowahi kufungwa. Akapata kazi katika mkahawa, na humo walikuwamo wafanyakazi wengine waliopata kufungwa. Akaambiwa amevunja sharti. Mahakama ikakataa, ikasema haiwezekani kuwa waliotunga sharti walikusudia watu kukutana kazini kwa bwana mmoja kuhesabiwe kuwa ni usuhuba. Ajabu ilioje! Mtu aamrishwa kutafuta kazi ya halali, akaipata, kisha kazi ile ile ikafanywa ndiyo hatia yake. Na mwaka 2007 Mahakama ya Juu ya California iliamua kesi ya binti mdogo aliyeamriwa asisuhubiane na yeyote ambaye afisa wake hamridhii. Ni nani hao? Wamo kichwani mwa afisa. Mahakama ikasema sharti hilo halijulikani mpaka wake maadamu halikumtaka binti awe anawajua watu hao wasioridhiwa.

Ama sharti la kitu kibadilishacho hali ya nafsi, hilo lilipata jawabu katika Mahakama ya Rufani iliyoko Chicago, mwaka 2014. Hakimu Richard Posner alionesha kwamba maneno hayo, kwa kuwa hayakufafanuliwa, huweza kuingiza kahawa, sigara, sukari na chokoleti. Sisi watu wa mwambao twaweza kucheka, kwani kwa fasiri hiyo hapana baraza moja katika mji isiyostahili kutiwa pingu jioni, kwa kahawa chungu, tambuu na miraa. Lakini jambo hili kwetu halipaswi kuwa geni. Mwaka 1511 mkuu wa Makka, Khair Beg, aliwakusanya wanazuoni akaipiga kahawa marufuku, kwa madai kwamba yageuza hali ya mwenye kuinywa. Waraka wa Sultani ulipokuja kutoka Misri haukuiharamisha kahawa yenyewe, bali ulikemea mikusanyiko mibaya iliyokuwa ikifanywa kwa sababu yake. Na kabla ya hapo Imamu al-Qarafi, mwanachuoni wa Misri aliyefariki mwaka 1285, alikwisha kupambanua katika kitabu chake al-Furuq baina ya kinacholevya, kinachofisidi akili na kinacholaza, kwa sababu kila kimoja kina hukumu yake. Wazee wale walijua kwamba mwenye kukataza ana kazi ya kueleza anakataza nini.

Sasa tuje kwenye asili ya jambo. Mahakama ya Juu ya Marekani iliweka msingi mwaka 1926, kwamba sheria ambayo mtu wa akili ya kawaida hana ila kuibahatisha maana yake, hiyo si haki kumwadhibu mtu kwayo. Mwaka 1972 mahakama hiyo ikaeleza sababu. Kwanza, mtu apewe onyo apate kujua lililokatazwa, ili ajiepushe. Pili, wasimamizi wa sheria wasiachiwe mlango wa kuamua kwa mapenzi yao, leo hili na kesho lile, huyu na si yule.

Sababu hizi mbili si mali ya Wamarekani. Kila mwanafunzi aliyesoma Usuli kwa masheikh wetu amefundishwa kwamba mtu habebeshwi wajibu ila awe na uwezo wa kuujua na uwezo wa kuutenda. Na kwamba ubainifu haucheleweshwi ukapita wakati wa haja. Asiyepelekewa amri hakuasi. Twaliona hili hata kwa akili isiyosoma: baba akimwambia mwanawe asitoke nje ya mpaka, asimwoneshe mpaka, kisha akampiga fimbo kwa kuuvuka, majirani hawatasema mtoto ni mtovu wa adabu. Watasema baba ni dhalimu.

Huenda akatokea mtu akasema: huyu si mtu mwema aliyeonewa. Ni mkosaji. Alistahili gereza, akafadhiliwa. Mwenye kufadhiliwa hachagui. Akiona masharti ni mazito, na aende akafungwe.

Neno hili lina nguvu, na twalijibu kwa utaratibu. Ni kweli kwamba fadhila si deni. Hakimu angeweza kutoitoa. Lakini akiisha kuitoa, na mtu akaipokea akajenga maisha yake juu yake, akapata kazi, akarudi kwa mkewe na wanawe, basi kumnyang'anya kwa sababu ambayo hakuweza kuijua ni dhuluma mpya, mbali na kosa lake la zamani. Tena sharti ni mapatano, na mapatano huhitaji ridhaa, na ridhaa haipatikani kwa jambo lisilojulikana. Sisi tusiouziana samaki aliye baharini, kwa kuwa ni biashara ya kubahatisha, vipi tutaridhia mtu auze uhuru wake kwa neno lisilo na maana maalumu?

Mwengine atasema: kama sharti halieleweki, si yupo afisa? Na amwulize.

Kuuliza ni kuzuri, na afisa mwema ni msaada mkubwa. Lakini angalieni linalotokea hapo. Sharti lilikuwa la hakimu, aliyelitoa hadharani na watu wakasikia. Sasa maana yake imekuwa ya afisa, anayeitoa faraghani. Akiwa ni mtu wa huruma, sharti hupanuka. Akiwa ana chuki, hukaza kama kitanzi. Akihamishwa akaja mwingine, sheria nayo imehama. Mtu aliye katika hali hiyo hayuko chini ya sheria, bali yuko chini ya mtu mwenziwe. Naye hujifunza kitu kibaya kuliko uasi: hujifunza kumtazama usoni aliye juu yake badala ya kuitazama njia. Tulitaka arekebike, tukamfundisha kujikomba. Na ubainifu unaokuja baada ya mtu kukamatwa si ubainifu, ni mashtaka.

Wa tatu atasema: mkiyafunga maneno namna hiyo, wajanja watapenya. Mkitaja bangi na unga, watatafuta kidonge kipya kisichotajwa.

Hili lataka mizani. Si lazima kila sharti liwe kamusi. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya California ilipelekewa kesi ya mtu aliyekuwa katika kifungo cha nje kwa kosa la kokeini, akalalamika kwamba masharti yake ya kutomiliki silaha wala dawa zilizokatazwa hayakusema neno "kwa kujua". Mahakama ikakataa kuyabadili maneno, ikasema kwamba sharti la kujua limo ndani yake tayari, hata lisipoandikwa: hawezi kuhesabiwa mvunjaji ila awe alijua kwamba kitu kile anacho, na kwamba ni kitu cha namna hiyo. Uamuzi huu ni wa insafu. Ujanja wa kugombania herufi haukukubaliwa, na msingi haukupotezwa. Nayo tume ya serikali kuu ya Marekani inayoongoza mambo ya hukumu, baada ya mahakama za rufani kuyarudisha masharti mengi, iliyaandika upya yale ya kawaida, yakaanza kutumika tarehe 1 Novemba 2016. Sharti la usuhuba likawa ni kutozungumza wala kutangamana na mtu ambaye mhusika anajua kuwa yumo katika uhalifu. Anajua. Neno moja tu limeongezwa, na kamba iliyokuwa mtego ikawa uzio. Anayedhani ubainifu ni udhaifu na alitazame neno hilo: mwovu hakupata mlango wa kutokea, na asiye na hatia amepata.

Hata hivyo tusidhani kwamba ubainifu watosha peke yake. Mwaka 2018 mahakama ya juu ya Massachusetts, dola ile ile ya fundi Augustus, iliamua kesi ya mwanamke mraibu aliyeamriwa akae bila dawa za kulevya. Siku chache tu baada ya amri akapimwa, akapatikana ametumia, akawekwa kizuizini. Mawakili wake hawakusema kwamba sharti lina giza, kwani lilikuwa wazi kama mchana. Walisema kwamba uraibu ni maradhi, na kwamba ameamriwa asiloliweza. Mahakama ikalithibitisha sharti. Wapo wanaoona imepatia na wapo wanaoona imekosa, wala sikusudii kuwaamulia hapa. Nimeitaja ili tupambanue. Kujua na kuweza ni milango miwili. Sharti lenye giza huufunga mlango wa kwanza, na mtu hata hakufikia kujaribiwa kama aweza. Basi ni wajibu kuufungua huo wa kwanza, ndipo tuzungumze kwa haki juu ya wa pili.

Turudi kwetu. Sheria ya kifungo cha nje ya Kenya, Sura ya 64, yaweka muda wake usipungue miezi sita wala usizidi miaka mitatu, na yamtaka hakimu amweleze mkosaji kwa lugha ya kawaida athari ya amri ile, na asiitoe ila mkosaji ameridhia kuifuata. Hilo ni jambo jema, na ni haki ya kila kijana kuidai: aelezwe, kwa lugha anayoifahamu, mpaka afahamu. Na Mahakama Kuu ya Kenya, mwaka 2016, ilibatilisha kifungu cha 29 cha sheria ya habari na mawasiliano kwa kuwa maneno yake yalikuwa mapana mno, hata mtu asingejua ni lipi lililokatazwa. Kwa hiyo msingi tunaousema hauko ng'ambo peke yake. Uko katika nyumba yetu, na wataka kutumiwa.

Nao una pa kutumiwa. Tangu mwaka 2015 iko Malindi zahanati inayowapa waraibu wa unga dawa ya methadoni chini ya uangalizi wa waganga. Kijana anayekunywa methadoni kila siku, akipewa sharti la kutotumia dawa yoyote ya kulevya, amewekwa wapi? Dawa yake ya halali ni ya jamii ya ile iliyomwangusha. Hakimu asipotaja, afisa mmoja atamsifu kwa matibabu na mwingine atamshtaki kwa matibabu yale yale. Sentensi moja ya ziada katika amri yaweza kumwokoa mtu huyo, na kuiacha ni uvivu unaolipwa kwa umri wa mtu mwingine.

Wala tusiwaachie mahakimu lawama yote. Ni wangapi katika sisi ambao tumempokea mtoto aliyetoka katika unga, tukamwambia, "Kaa hapa, lakini uwe mtu," tusimwambie kuwa mtu ni nini? Akichelewa kurudi, tumemshuku. Akinyamaza, tumemshuku. Akicheka na rafiki wa zamani, tumemtoa nyumbani usiku. Wazee walisema, asojua maana haambiwi maana. Hilo ni neno la mazungumzo barazani, wala si kanuni ya kumhukumia mwanadamu. Mwenye kuhukumu, awe kadhi, hakimu, mwalimu au baba, kwake yeye asiyejua maana ndiye hasa wa kuambiwa maana.

Basi kila anayeweka sharti na ajiulize mambo matatu kabla ya kulitamka. Je, mtu huyu akiondoka hapa, ataweza kujua peke yake, bila ya kuniuliza, kwamba amelishika au amelivunja? Je, mwingine akikaa mahali pangu kesho, atalifasiri kama nilivyolifasiri mimi? Na je, aweza kulivunja bila ya kujua? Akiona jawabu la kwanza na la pili si "ndiyo", na la tatu si "hapana", na arudi kwenye kalamu yake.

Mwenye kuamrisha ana deni la kubainisha, na deni hilo halifutwi na ubaya wa mwamrishwa. Tena mkosaji ndiye mwenye haja zaidi ya mpaka ulio wazi, kwa kuwa yeye ndiye aliyekwisha kupotea njia mara moja. Fundi wa viatu wa Boston alimpa mlevi neno jepesi la kufahamika na siku ya kurudi, naye mlevi akarudi. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.